Magoti ya mama, chupa mbili za India na mafuta ya makonyo

Swali: Assalamu alaykum. Niko Wete, Pemba. Mama yangu ana miaka 64, ana sukari na presha, na magoti yanamkaza sana asubuhi, zaidi mvua zikianza. Mimi mwenyewe nimejifungua kwa upasuaji miezi miwili iliyopita. Wifi yangu alikwenda India kumuuguza mumewe na aliporudi akaniletea chupa mbili za mafuta, moja imeandikwa Mahanarayan, nyingine Dhanwantharam. Nilipouliza dukani Mjini, Unguja, nikaambiwa kila mtu ana mafuta yake kwa aina ya mwili wake, na kwamba ninunue chupa tatu nyengine. Jirani akanambia niachane na yote hayo, mafuta ya makonyo ya karafuu yanatosha. Nikampaka mama magotini, ngozi ikamuwaka moto mpaka ikabadilika rangi. Sasa sijui nishike lipi. Nichague vipi, nipake vipi, na mtoto naye apakwe?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu. Hongera kwa mtoto, na mama mpe pole zangu.

Nianze na makonyo, maana hapo ndipo mama alipoumia, na jambo hili nalikuta Unguja na Pemba kote. Mafuta ya karafuu, yawe ya maua, ya majani au ya makonyo kama yanayotengenezwa pale kiwandani Wawi, Chake Chake, hayapakwi kama yanavyopakwa mafuta ya nazi. Hayo hutolewa kwa mvuke, na sehemu yake kubwa sana ni kitu kimoja kiitwacho eujenoli, ambacho madaktari wa meno hukitumia kutulizia jino linalouma. Kwa kiasi kidogo kinatuliza maumivu, lakini yakipakwa matupu huchoma ngozi. Kikomo kinachopendekezwa na wataalamu wa mafuta ya aina hii ni nusu asilimia. Katika mililita 100 za mafuta ya nazi au ya ufuta hiyo ni nusu mililita, yaani matone kama kumi. Nasisitiza kuwa ni matone kumi kwa chupa nzima. Jirani yako hakukosea kusema karafuu inasaidia maumivu, ila hakukupa kipimo, na kwa mafuta makali namna hii kipimo ndiyo dawa yenyewe.

Ngozi ile iliyobadilika rangi usiipake kitu chochote mpaka irudi kuwa nzima, hata hayo mafuta ya India. Ikitoa malengelenge au ikichubuka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mama ana sukari na kidonda kidogo cha mguu kwa mwenye sukari hakichelewi kuwa kikubwa. Na ikitokea siku nyingine mafuta makali yamemwagika ngozini, usikimbilie maji peke yake. Yafute kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Mafuta huondoka kwa mafuta.

Sasa tuje kwenye Ayurveda. Hii ni tiba ya Bara Hindi yenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, na inautazama mwili kwa nguvu tatu. Vata ni ya upepo, na dalili zake ni ukavu, ubaridi, viungo vinavyolia, usingizi mwepesi na choo kigumu. Pitta ni ya moto, nayo huleta joto, kiungulia, vipele na hasira za haraka. Kapha ni ya maji na udongo, na mwenye nayo nyingi huwa mzito, ana makohozi, anavimbavimba na kuchoka. Sisi tuliolelewa na wazee waliotibu kwa kutazama majimaji ya mwili, yaani balghamu, safura na sauda, hatuoni ugeni mkubwa hapo. Mtu akikazwa na viungo tunasema ana baridi yabisi, na mganga wa Ayurveda angemtia mama yako upande huohuo wa ubaridi na ukavu.

Kwa hiyo muuza duka alikuwa na sehemu ya ukweli: Ayurveda huchagua mafuta kwa kumtazama mtu. Lakini aina ya mwili ni swali moja tu kati ya mengi. Huulizwa pia umri, kwa kuwa uzee wenyewe huhesabiwa kuwa wakati wa vata hata kwa aliyezaliwa na mwili wa moto. Huulizwa msimu, na huulizwa maradhi yaliyopo leo. Mama wa miaka 64, magoti yamekaza, mvua inanyesha: majibu yote yanaelekea sehemu moja na hakuna haja ya chupa tatu. Mimi huzitumia nguvu hizi tatu kama njia ya kumuuliza mgonjwa maswali mazuri na kumsikiliza. Hazipimwi maabara, na asikwambie mtu kwamba zinachukua nafasi ya kipimo cha sukari cha mama.

Kitu cha kwanza cha kuchagua ni mafuta ya msingi, yaani yale yanayojaza chupa. Majina marefu ya mimea yaliyoandikwa mbele huwavutia watu, lakini mwili unagusana kwanza na msingi huo. Ufuta, au simsim kama wengi tunavyouita, ndio msingi wa tailamu nyingi, yaani mafuta ya Ayurveda yaliyopikwa na mimea, kwa kuwa huhesabiwa kuwa na joto na kulainisha mwili uliokauka. Sisi si wageni nao. Mji Mkongwe ulikuwa na vinu vya kukamulia simsim vilivyozungushwa na ngamia. Unachotakiwa kununua ni mafuta ya ufuta mbichi, ya rangi ya dhahabu hafifu, yasiyo na harufu kali. Yale meusi ya ufuta uliokaangwa ni ya kutia ladha kwenye chakula. Ukimpaka nayo mama, chumba kizima kitanukia jikoni.

Nazi huhesabiwa kuwa ya baridi. Inamfaa mtu wa joto, kichwa kinachowaka, ngozi yenye vipele vya jasho, na msimu wa kaskazi kwa jumla, ile miezi ya Disemba mpaka Machi ambayo hata ukuta unatoa joto. Watu wa Kerala, kusini mwa India, wana minazi kama sisi na baadhi ya mafuta yao ya tiba yamepikwa kwa nazi. Usiyaone mafuta yetu ya tui kuwa duni. Yakipikwa vizuri, maji yakaisha kabisa, hukaa muda mrefu bila kuharibika, maana karibu tisa ya kumi yake ni mafuta mazito yasiyochacha upesi. Yakiganda wakati wa kipupwe usidhani yameharibika, huganda yakishuka chini ya nyuzi joto kama 24.

Mafuta ya nyonyo, yaani ya mbarika, ni mazito mno kupaka peke yake, lakini sehemu moja ya nyonyo kwa sehemu tatu za ufuta ni mchanganyiko mzuri kwa goti sugu. Haradali ni ya moto sana. Hutumiwa kaskazini mwa India kwa watu wazito wa kapha, na mimi simpaki nayo mzee wala mtoto kwa jinsi inavyowasha.

Ukinambia Wete hupati ufuta mbichi, chukua nazi, ipashe moto na uitumie. Mafuta ya nazi yenye uvuguvugu yanayopakwa kila siku yatamfaa mama kuliko tailamu ya bei kubwa inayowekwa kabatini kwa kuogopa isiishe.

Wifi yako alichagua vizuri, au alishauriwa na mtu anayejua. Mahanarayan ni mafuta ya ufuta yaliyopikwa na mimea mingi, ikiwemo ashwagandha na shatavari, na kazi yake inayojulikana ni viungo na misuli. Hayo ni ya mama. Dhanwantharam ni ya Kerala, nayo ni ufuta uliopikwa na mizizi ya mmea uitwao bala, maziwa na mimea mingine. Kule hupakwa mzazi baada ya kujifungua, kisha akaogeshwa kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani. Utaona haiko mbali na mkando wetu wa arubaini. Hayo ni yako.

Kabla ya kufungua, lakini, zisome chupa. Tailamu ya kweli hupikwa kwa kipimo cha kale: sehemu moja ya mimea iliyosagwa, sehemu nne za mafuta, sehemu kumi na sita za maji ya mimea au maziwa. Inapikwa kwa moto mdogo mpaka maji yote yaondoke. Ndiyo maana mafuta haya huwa na rangi nzito na harufu ya mizizi iliyopikwa, ambayo wengine hawaipendi. Ukikuta mepesi kama maji na yananukia kama manukato ya harusi, tia shaka. Tazama orodha ya vitu vilivyomo: kikitajwa cha kwanza ni parafini, umenunua mafuta yatokanayo na petroli yaliyotiwa rangi na harufu kidogo. Hayadhuru ngozi ya wengi, ila hayana kinachostahili bei hiyo. Pawe na namba ya leseni ya kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Chupa isiyo na hayo isivuke mlango wa nyumba, hata akiisifu nani. Kwa zinazouzwa hapa nchini, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, wapo na kazi yao ni kusimamia dawa na vipodozi, waulize.

Nina sababu ya kushikilia jambo hili. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Zile zilikuwa dawa za kumeza, na madini hayo katika baadhi yake hutiwa kwa makusudi, kwa kuwa ipo mikondo ya Ayurveda inayotibu kwa madini. Hata upande wa mafuta zipo tailamu chache zinazopikwa na sindura, ile rangi nyekundu ambayo asili yake ni risasi. Ukiona jina hilo kwenye orodha, iache dukani, hasa nyumba yenye mtoto anayenyonya. Na chupa zako mbili ni za kupaka tu. Huenda ukasikia kwamba kule India tailamu fulani hunywewa. Hunywewa ile iliyotengenezwa kwa kunywewa, kwa amri ya mganga aliyemwona mgonjwa. Mama anakunywa dawa za sukari na presha, asiongezewe kitu tumboni bila daktari wake kujua.

Tazama pia kama mafuta ya mama yametiwa kafuri au mafuta ya wintagrini, yale yanayonuka kama dawa ya kuchua ya dukani. Mafuta mengi ya maumivu kutoka India huwa nayo. Wintagrini ina salisilati, ndugu wa aspirini, nayo hupenya ngozi. Mtu anayekunywa dawa ya kuyeyusha damu kama warfarini asipakwe kabisa.

Sasa namna ya kumchua. Hapa ndipo ningependa utulie zaidi kuliko kwenye chupa, kwa sababu miaka yote niliyofanya kazi hii, mkono na uvumilivu vimefanya kazi kubwa kuliko mmea wowote. Na si mimi peke yangu ninayesema mkono unasaidia. Marekani walifanya utafiti wa kuchua watu wazima wenye magoti yaliyolika, ukachapishwa mwaka 2012, na waliochuliwa saa nzima mara moja kwa wiki, kwa wiki nane, walipata nafuu ya maumivu na ukakamavu. Kuchua kwenyewe hakukuwa kwa Kihindi wala kwa Kiswahili.

Mafuta usiyaweke juu ya jiko. Mimina vijiko viwili vya chai kwa kila goti ndani ya kibakuli, kiweke kibakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto iliyokwishaepuliwa, ngoja dakika chache. Kisha yajaribu kwa ndani ya kifundo cha mkono wako mwenyewe, usimuulize mama. Mwenye sukari ya siku nyingi aghalabu hupoteza hisia miguuni, atakwambia ni baridi huku ngozi inaungua. Yawe vuguvugu kama maji unayomuogeshea mtoto. Kwa sababu hiyohiyo usimwekee chupa ya maji moto wala kitambaa kilichochovywa maji yanayochemka juu ya goti, jambo tunalolifanya sana tukimkanda mzee.

Siku moja kabla ya kuanza, mpake tone moja ndani ya kiwiko na uliache mpaka kesho yake. Isipowasha wala kuota vipele, endelea.

Mkalishe kwenye kiti chenye egemeo au mlaze kitandani, na weka mto chini ya goti ili lisikae limenyooka kwa nguvu. Anza na paja, si na goti. Misuli ya paja ndiyo inayolibeba goti, nayo ikikaza huvuta kifupa cha mbele cha goti na maumivu yakaongezeka. Watu wengi huhangaika na pale panapouma tu, wakaacha panaposababisha. Paka paja lote, kisha chua kwa viganja viwili kutoka juu ya goti kuelekea nyonga, taratibu, kwa uzito wa mwili wako na si kwa nguvu za vidole. Dakika tano hivi kila paja. Halafu shuka kwenye goti lenyewe na uzungushe kiganja kulizunguka, maana kanuni ya Ayurveda ni kuzungusha penye kiungo na kunyoosha penye mfupa mrefu. Pita kwa dole gumba kando ya kifupa cha mbele, pande zote mbili, bila kukikandamiza. Nyuma ya goti paka tu, usikandamize, kwa kuwa hapo mishipa ya damu imepita karibu na ngozi. Malizia shavu la mguu, kutoka kifundo kuja juu. Ukimaliza, mwambie alikunje na kulikunjua goti mwenyewe mara kumi hivi, polepole. Asilisahau hilo, kwa sababu goti lililopata joto na ulaini linahitaji kutembezwa ili faida ibaki.

Mafuta yakae nusu saa chini ya kitambaa, kisha aoge maji ya vuguvugu. Kuyatoa, tumia unga wa dengu uliolowekwa kidogo, au liwa mkitaka, kama tunavyofanya kwenye singo. Sabuni kali humrudisha kwenye ukavu uleule. Miguu ifutwe mpaka kati ya vidole, na mtazame nyayo kila siku kama pana mchubuko. Na kabla hajasimama, futa sakafu. Mzee mwenye nyayo zenye mafuta juu ya vigae huvunjika nyonga, na nyonga ikivunjika hatuzungumzii tena magoti.

Fanya hivi kila siku kwa wiki mbili, halafu mara tatu kwa wiki. Asubuhi kabla ya chai ndio wakati wake, kwa vile ukakamavu wa mama uko asubuhi. Asichuliwe akiwa na homa, akiwa ameshiba sana, au goti likiwa limevimba, lina joto na wekundu. Goti la namna hiyo laweza kuwa na maambukizi au jongo, na linataka daktari. Kwa mafuta haya mategemeo yangu ni apate nafuu ya kukaza, alale vizuri na atembee kwa wepesi. Gegedu (ule mfupa laini wa ndani ya goti) iliyokwisha kulika hairudi kwa mafuta yoyote, na anayekwambia inarudi anataka fedha zako.

Upande wako wewe, dada yangu, miezi miwili baada ya upasuaji mwili unaruhusu kuchuliwa, ila si kila mahali. Kovu la tumbo liache mpaka daktari aliseme limefunga, na hata hapo anza kando yake kwa mkono mwepesi. Mkando wa tumbo kwa nguvu, ule wa kulirudisha tumbo, usifanyiwe. Mgongo, mabega, mikono na nyayo ndiko uchovu wa kunyonyesha na kubeba mtoto ulikokaa. Paka Dhanwantharam huko, nusu saa kabla ya kuoga. Matiti yaache, maana mtoto atakula ulichopaka.

Kuna jambo moja nakuomba ulishike na uwaambie na wenzako. Mzazi, hasa aliyepasuliwa, kwa wiki nyingi baada ya kujifungua ana hatari ya damu kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Ukiona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, unauma kwenye shavu la mguu na una joto, usiuchue wala usikubali mkandaji auguse. Kuchua kunaweza kulisukuma donge likaenda mapafuni, na huko huua. Huo ni mguu wa kupelekwa hospitali sasa hivi, si kesho. Wakandaji wetu wana mikono ya baraka na nimejifunza mengi kwao, lakini hili wengi hawakufundishwa, na mguu uliovimba ndio wanaoitiwa kuukanda.

Usiku, ukipata nafasi mtoto akilala, jipake nyayo tu. Kijiko kimoja cha mafuta, dakika tano kila unyayo, kisha vaa soksi kuukuu. Ayurveda inausifu sana mpako huu kwa usingizi, na mama naye anaweza kuupata kwa sharti lile la kuzitazama nyayo.

Mtoto hapakwi mojawapo ya chupa zile. Mimea iliyomo ni mingi na ngozi yake bado inajijenga. Kafuri ni sumu kwake, inaweza kumtia degedege, na tabia ya kumpaka kifuani akiwa na mafua iachwe. Karafuu, mkaratusi na mchaichai navyo viwe mbali naye. Hata mafuta ya zaituni, ambayo wengi huyachukua kwa nia njema, siyapendekezi. Mwaka 2016 watafiti wa Manchester, Uingereza, walichapisha utafiti wa watoto wachanga 115, na ngozi za waliopakwa zaituni au alizeti zilichelewa kujijenga kuliko za wasiopakwa kitu. Ukitaka kumchua mtoto, na ni jambo jema, tumia nazi safi isiyotiwa kitu, matone machache, mkono wako ukiwa na joto, asiwe na njaa wala asiwe ametoka kunyonya. Akigeuza uso au akilia, acha.

Chupa ya Mahanarayan ikiisha, hamna haja ya kungoja mtu aende India. Mnaweza kupika mafuta ya magoti hapohapo Wete. Saga gramu 50 za tangawizi mbichi. Chemsha tangawizi nyingine iliyopondwa kwenye maji, chuja upate mililita 800. Tia vyote pamoja na mililita 200 za ufuta mbichi kwenye sufuria pana yenye kitako kizito, moto mdogo. Itachukua saa kadhaa na hutakiwi kuondoka, kwa sababu mafuta yaliyoachwa peke yake jikoni ndiyo yanayoteketeza nyumba. Koroga mpaka chini, mashapo yasishike. Maji yakikaribia kwisha mlio utabadilika, kisha utanyamaza, na povu litapanda juu. Hapo chukua mashapo kidogo, yaviringe kwa vidole: yakiviringika kama utambi bila kunata, na ukiyachoma moto yasirushe cheche wala kulia, maji yamekwisha. Yakilia, bado. Epua, chuja kwa kitambaa kikavu, mimina kwenye chupa kavu ya kioo cheusi. Tone la maji likibaki mafuta huota ukungu, kwa hiyo jaribio la mwisho usilifanyie haraka. Haya nayo yajaribiwe kiwikoni kwa mama kwanza, tangawizi huwawasha baadhi ya watu.

Vitambaa vyenye mafuta vifuliwe kwa maji moto na sabuni, visirundikwe ndooni. Hao wa kwenye spa za hoteli za Nungwi na Paje wanajua kwamba taulo lenye mafuta likitolewa la moto kwenye mashine ya kukaushia na kukunjwa linaweza kuwaka lenyewe.

Kwa hiyo zile chupa tatu za dukani usinunue. Dhanwantharam ijaribu kiwikoni kwako leo, na isipokuwasha uanze kesho. Mahanarayan ingoje mpaka ngozi ya mama ipone kabisa. Kwa sasa mchue mapaja tu kwa nazi ya vuguvugu, mbali na pale palipoungua. Ukizifungua chupa, andika tarehe kwenye karatasi na uibandike, ziweke mbali na jua na jiko, na siku zikitoa harufu ya karanga zilizochacha zimwage. Mama akienda kliniki ya sukari nenda na chupa yake mkononi, daktari aone kilichoandikwa.